Nyinyi mnaomwaga majibu ya fumbo kabla watu hawajanywa chai, mkome!

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi za michezo, hili ni jambo linalojitegemea.

Sisi tunaofumbua lile fumbo la maneno la kila siku la gazeti la Guardian la Uingereza, lile gumu ambalo kila kidokezo ni mtego, tuna kundi letu la WhatsApp. Wamo watu wa Dar, Mombasa, Nairobi, na wengine wanaishi hukohuko Uingereza. Kundi lilianzishwa kwa kazi moja, kujadili: umekwama wapi, mtunzi kakutega vipi, kidokezo hiki ni halali au kimepinda. Sasa limegeuzwa dampo la majibu.

Fumbo jipya hutoka saa sita usiku kwa saa za London. Huku kwetu hiyo ni saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira yao. Watu tumelala. Unaamka alfajiri, unafungua simu kuangalia kama kuna ujumbe wa maana, unakutana na picha: mraba mzima umejaa, mlalo na wima, hakuna kiboksi kilichobaki, na chini yake "Dakika 4 tu, wazee." Hakuna onyo, hakuna kuficha chochote. Jibu ukishaliona huwezi kulisahau kwa kutaka, kwa hiyo fumbo la siku hiyo limekufa.

Ukimuuliza bingwa huyo, "Mkuu, mlalo wa 9 umeupataje?" anakaa kimya. Akijibu sana atasema, "Ndiyo jibu lenyewe, angalia." Hajui! Hawezi kujua, kwa sababu pale kwenye tovuti, chini ya mraba, kuna kitufe cha kufichua majibu yote. Ukikibonyeza, mraba unajaa wenyewe. Mnataka ushahidi? Subirini Jumamosi. Fumbo la Jumamosi huitwa la zawadi, kitufe hicho hakiwekwi, na majibu hayatoki siku hiyo. Jumamosi hao mabingwa hamtawaona, hata mmoja.

Na hizo dakika nne zenu nani alizisimamia? Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji ofisini London wafumbue fumbo moja ndani ya dakika 12. Walikaa chumbani wakisimamiwa, na mmoja aliyewahi kumaliza aliondolewa kwa kukosea tahajia ya neno moja. Baadhi yao waliitwa baadaye kwenda Bletchley Park kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Hiyo ndiyo kasi ya kujisifia, maana watu waliiona kwa macho.

Kwa wasioujua mchezo huu, nitaeleza kwa Kiswahili ili mjue tunachoibiwa. Chukueni kidokezo hiki nilichotunga mwenyewe:

Samaki waliovurugika wakati wa mvua nyingi (herufi 6).

Ukikisoma mara ya kwanza unaona bahari imechafuka, mvua inapiga, samaki wanahangaika. Unaanza kupanga samaki kichwani. Changu ana herufi sita, unamwandika, halafu neno la wima linamkataa. Unafuta. Unakisoma tena, safari hii neno kwa neno. Kwa nini mtunzi kasema "waliovurugika"? Kilichovurugika ni nini? Ni herufi zao! Unazichukua herufi za SAMAKI, unazipanga upya, unapata MASIKA. Na masika ni wakati gani? Wa mvua nyingi. Neno la kwanza limekupa herufi, la pili limekuambia uzifanye nini, yaliyobaki yamekupa maana. Hakuna neno lililokaa bure, na jibu lilikuwa mbele ya macho yako muda wote.

Ile sekunde macho yanapofunguka ndiyo mchezo wenyewe. Neno masika kila mtu analijua tangu utotoni, hakuna anayehitaji kuletewa. Anayebandika "MASIKA" kwenye kundi bila kusema limetokana na nini hajamsaidia aliyekwama, na ambaye hajaanza amemnyang'anya sekunde yake.

Hiki kingine nawaachia: Mfalme wa porini yumo katika kasi mbaya (herufi 5). Msiandike jibu hapa chini, tafadhali sana.

Watunzi wenyewe wana sheria yao ya miaka mingi. Mtunzi anaruhusiwa kukupoteza kwa sura ya sentensi, lakini kila unachohitaji ili ufike kwenye jibu lazima awe amekisema. Bila maelezo hatuwezi hata kumkamata mtunzi anapovunja sheria hiyo, na wapo wanaoivunja. Kuna siku tulibishana tangu asubuhi hadi jioni juu ya kidokezo kimoja ambacho wengi waliona kina neno lililozidi. Dada mmoja wa Mombasa akatuonyesha kwamba mkato uliokuwa katikati ya sentensi ulikuwa mtego tu. Ukiuruka, kila neno lina kazi yake. Hilo ndilo kundi nililojiunga nalo. Siku hizi dada yule haandiki tena, na simlaumu.

Kuna wanaosema, "Ni mchezo tu, mnakasirika nini?" Hao wakumbuke fumbo la Januari 2013 kwenye gazeti letu la Guardian. Mtunzi alikuwa John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyetumia jina la Araucaria. Alikuwa na miaka 91, na alikuwa akilitungia gazeti hilo tangu 1958. Kwenye fumbo hilo aliweka maelezo mafupi: Araucaria ana namba 18 ya namba 19, ambayo inatibiwa kwa namba 13 na 15. Watu wakaanza kujaza kama siku zote. Namba 18 ikatoka saratani. Namba 19, umio. Namba 13 na 15 zikatoka tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa ambaye hatapona. Mzee alikuwa anawaeleza wasomaji wake ugonjwa wake kwa njia aliyozungumza nao maisha yake yote, na kila mmoja aliipata habari hiyo herufi kwa herufi, kwa mwendo wake mwenyewe. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Sasa fikirieni asubuhi ile mtu wetu wa dakika nne angekuwepo, abandike picha ya mraba uliojaa!

Wala msiniambie kwamba huu ni mchezo wa Wazungu, hauna adabu ya kwetu. Adabu ya kulinda jibu tumelelewa nayo. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, mtegaji hakupi jibu bure, anakudai mji. Unampa Tanga, anaukataa. Unampa Bagamoyo, anaupokea, anautembelea, anajisifu alivyopokelewa, ndipo anatamka jibu. Mtoto aliyeropoka kabla wenzake hawajakubali kushindwa aliondolewa mkekani. Watu wazima leo tunashindwa na adabu ya watoto?

Admini nao nawalaumu. Nilipolalamika niliambiwa, "Asiyetaka kuona majibu asifungue kundi mpaka amalize." Kwa hiyo anayejadili kwa haki ndiye atoke nje, anayemwaga abaki ndani? Ni sawa na kumwambia aliyeikosa mechi ya Simba na Yanga asipite mtaani mpaka apate marudio.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla ya saa moja jioni pasiandikwe jibu lolote. Aliyekwama aandike namba ya kidokezo na aseme amefikia wapi, na anayemsaidia amsukume kidogo tu: "angalia herufi zilizojificha", "neno la tatu lina maana mbili", basi. Baada ya saa moja, jibu liandikwe pamoja na maelezo yake, na lisilo na maelezo lifutwe. Fumbo la Jumamosi lisiguswe mpaka gazeti litoe majibu.

Admini wasipokubali, tunaotaka kujadili tunafungua kundi letu wiki hii. Anayetaka kuingia aje PM na maelezo kamili ya kidokezo cha mfalme wa porini: maana iko wapi, herufi ziko wapi, na neno "yumo" linafanya kazi gani. Jibu peke yake silipokei.