Somo wangu ameangukia Dominika: novena nianze lini?

Swali la Mlezi_wa_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristu. Napanga novena (sala za siku tisa mfululizo) na Misa za mwaka 2027, nimekwama mahali patatu. Somo wangu, yaani mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake, ni Mt. Marko Mwinjili, 25 Aprili, na mwaka huo ni Dominika ya Tano ya Pasaka. Je, sikukuu yake inasogezwa Jumatatu? Novena nianze lini? Kisha Bikira Maria Kupashwa Habari, 25 Machi, inaangukia Alhamisi Kuu. Na Mt. Yosefu, 19 Machi, ni Ijumaa ya Kwaresima: nyama tunaacha au tunakula?

Sakristani
Milele na milele, amina. Ndugu, kabla ya tarehe angalia daraja la adhimisho, maana majibu yako yote yanatoka hapo. Kuanzia la juu kabisa kuna sherehe, sikukuu, kumbukumbu ya lazima na kumbukumbu ya hiari. Midomoni tunaziita zote "sikukuu", ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Mt. Marko ni sikukuu. Sikukuu ya mtakatifu ikikutana na Dominika haisogezwi. Mwaka huo inaachwa. Misa ya 25 Aprili 2027 itakuwa ya Dominika ya Tano ya Pasaka, mavazi meupe wala si mekundu, masomo na sala za Dominika. Jumatatu inabaki siku ya kawaida ya Pasaka. Mt. Luka yatampata hayo hayo 18 Oktoba 2026.

Sherehe ndiyo inayohama. Ikigongana na Dominika ya Majilio, Kwaresima au Pasaka, huenda Jumatatu. Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba, mwaka 2024 iliangukia Dominika ya Pili ya Majilio ikaadhimishwa 9 Desemba. Kupashwa Habari ikiingia Juma Kuu au Oktava ya Pasaka (siku nane kuanzia Pasaka yenyewe) husubiri hadi Jumatatu baada ya Dominika ya Pili ya Pasaka, kwa hiyo mwaka 2027 ni 5 Aprili. Mt. Yosefu yeye akiingia Juma Kuu hurudishwa nyuma, Jumamosi kabla ya Matawi. Mwaka 2027 hana shida hiyo, Matawi ni 21 Machi.

Nyama: 19 Machi 2027 hakuna wajibu wa kuiacha. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1251, inaondoa wajibu huo Ijumaa yenye sherehe. Yenye SHEREHE tu, jamani. Kiti cha Mt. Petro, 22 Februari, ni sikukuu. Ikiwa Ijumaa ya Kwaresima, wajibu uko palepale kwa kila aliyetimiza miaka 14.

Mama_Novena
Kuhesabu novena: toa 9 kwenye tarehe ya sikukuu, hapo ndipo unapoanza, na unamaliza siku ya mkesha. Marko: 25 toa 9 ni 16, basi ni 16 hadi 24 Aprili. Mt. Antoni wa Padua, 13 Juni: 4 hadi 12. Mkingiwa inavuka mwezi, 29 Novemba hadi 7 Desemba; hapo wengi huanza tarehe 30 wakajikuta na siku nane. Anayeanza 17 Aprili na kufanya sikukuu yenyewe iwe siku ya tisa hajakosea, ila desturi ni kumaliza mkesha ili siku ya somo ibaki ya kushukuru.

Kwa somo wako tarehe haibadiliki. Liturujia haitamtaja siku hiyo, lakini sala yako binafsi haifungwi na kalenda ya altare.

Katekista_K
Naongeza jambo moja kuhusu Mt. Marko. Kama kanisa lenu lenyewe limewekwa chini ya jina lake, ndani ya kanisa hilo yeye si sikukuu tena, ni sherehe. Hapo kanuni aliyoitaja Sakristani inageuka: ataadhimishwa Jumatatu 26 Aprili, kwa Utukufu na Nasadiki, sala mbili za Misa za siku kubwa. Kwa hiyo muulize paroko au tazama kalenda ya liturujia ya jimbo kabla hujawatangazia watu.

Kama sivyo, usimwombe padre "Misa ya Mt. Marko" Jumatatu ukidhani ni haki yako. Misa za kumheshimu mtakatifu nje ya siku yake zina nafasi pana katika Kipindi cha Kawaida, yaani nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Siku za juma za Pasaka kwa kawaida hazitumiki, isipokuwa padre aone manufaa ya kichungaji. Unachoweza kuomba bila shida ni NIA ya Misa, yaani jambo ambalo padre anaiombea Misa hiyo. Nia ni jambo jingine kabisa na sala zinazosomwa altareni: Misa ya siku inabaki ilivyo, na shukrani zako zinatolewa humo.

Mlezi_wa_Jumuiya
Asanteni sana. Basi novena ya Kupashwa Habari nihesabu kutoka 5 Aprili?

Mama_Novena
Ukihesabu hivyo utaanza 27 Machi, Jumamosi Kuu, na utakuwa tayari ndani ya novena ya Huruma ya Mungu, inayoanza Ijumaa Kuu 26 Machi na kuisha Jumamosi 3 Aprili. Novena mbili juu ya Siku Tatu Kuu za Pasaka, zile za tangu jioni ya Alhamisi Kuu hadi Dominika ya Pasaka! Mimi ningesali ya Mama 16 hadi 24 Machi, nimalize Jumatano, niingie Alhamisi Kuu bila novena mkononi.

Katekista_K
Mimi ningeifuata liturujia, maana ibada zinatakiwa zipatane na vipindi vya Kanisa, na mwaka huo Kanisa linaadhimisha 5 Aprili. Ila nakubali kuhusu Siku Tatu Kuu: usiziwekee kitu juu. Ukichagua 5 Aprili, sali siku tatu za maandalizi tu, 2 hadi 4 Aprili. Inaitwa triduo, nayo ni desturi halali kabisa.

Mwanakwaya_B
Na nikisahau siku moja katikati? Karatasi niliyopewa inasema nianze upya, tena niache nakala 9 kanisani la sivyo sala haisikiki.

Sakristani
Chana karatasi hiyo. Hakuna sheria ya Kanisa inayobatilisha novena kwa siku iliyosahaulika. Sali ya siku hiyo kesho yake pamoja na ya siku yenyewe, uendelee. Sharti la nakala ni ushirikina, na nakala zenyewe huishia kwangu kwenye pipa kila Jumatatu. Hata kwa novena zenye nia tofauti kila siku, kama ya Huruma ya Mungu, soma siku mbili kwa mpangilio wake usiruke nia.