Mrejesho: kaye yangu ya malengo na ndoto

Bandugu jambo, ni mie niliuliza namna gani mtu anaweza andika kaye (daftari) ya maisha yake kila siku wakati anarudi amechoka na kura (umeme) imekatika. Shauri ya dada mmoja, kuandika asubui, ilinisaidia sana: kaye na biki (kalamu) viko chini ya mto, nikiamuka naandika ndoto mbele ya kushika simu juu ndoto inapotea mbio, kisha jambo moja ya jana, hata sambaza (samaki wadogo) mama alikaanga. Malengo iko kwa penseli, nayasoma siku ya yenga (jumapili).

Nimeandika pia vile tulikimbilia mji wa Sake mwaka 2021 volkano Nyiragongo ilipolipuka, mtoto mgongoni, godoro kichwani, nililia lakini nilihitaji. Sasa huyo mtoto anataka kuisoma, nimupe?