GPA 2.7 siyo masharti ya masta ya Kiingereza, acheni kuwachezea walimu wa Mtwara na Lindi

Msangamkuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, yale mabango huanza kuzunguka kwenye magrupu ya walimu kuanzia Masasi mpaka Kilwa Masoko: shahada ya uzamili ya Kiingereza, sifa ni shahada ya kwanza yenye GPA (wastani wa alama) ya 2.7 na kuendelea, nyote mnakaribishwa. Basi, imeishia hapo. Mwalimu wa Tandahimba anatazama transkripti yake, ana 3.1, anatuma hela ya fomu. Baadaye anajibiwa kwamba hakidhi vigezo vya idara, na hela ya fomu hairudishwi. Hivyo vigezo vya idara vilikuwa wapi siku bango linatengenezwa?

Hiyo 2.7 kwenye mizani ya 5 ndiyo mwanzo wa daraja la pili la chini. Kazi yake ni kuzuia tu. Ukiwa chini yake, maombi hayafiki mbali, labda upitie kwanza stashahada ya uzamili na uifaulu vizuri. Ukiwa juu yake bado hujapewa kitu. Anayeamua ni idara, na idara inasoma transkripti kozi kwa kozi.

Idara ipi sasa? Bango linasema "masta ya Kiingereza" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa vyuo vyetu njia ni 3: isimu (uchambuzi wa lugha yenyewe), fasihi, na ufundishaji wa lugha ambao uko upande wa elimu. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam isimu wana idara yao na fasihi wana yao, na kila upande unataka mambo yake. Isimu wanatafuta fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki. Fasihi wanatafuta nadharia na uhakiki, riwaya, ushairi, tamthiliya. Chukua mhitimu wa ualimu: shahada yake imegawanywa kati ya kozi za elimu, mazoezi ya kufundisha na masomo mawili ya kufundishia. Kiingereza kimepata kipande, na ndani ya kipande hicho isimu na fasihi zimegawana tena. Aliyeikimbia sintaksia kwa kuogopa sapu (mtihani wa marudio), akajazia nafasi kwa stadi za mawasiliano, ana shahada halali, ana GPA nzuri, na isimu watamkataa. Tena wana haki ya kumkataa, maana muhula wa kwanza tu angeumbuka. Ubaya ni kuila hela yake kwanza ndipo wamwambie.

Kabla hujalipa chochote, andika barua pepe kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yenyewe, siyo ofisi ya udahili. Ambatisha transkripti. Uliza swali moja: kwa kozi hizi nilizosoma, naruhusiwa kuomba programu hii? Akikupigia simu, mshukuru na umwombe akuandikie.

Tuje kwenye muda, maana hapa ndipo uongo unaponuka. Kwenye mfumo wa sifa wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) uzamili ni ngazi ya 9, na kima cha chini ni krediti 180. Krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Zidisha mwenyewe: saa 1,800. Mwalimu mwenye vipindi vyake na marundo ya madaftari akijinyima sana akapata saa 15 kwa wiki, anahitaji wiki 120. Hiyo ni zaidi ya miaka 2 bila ugonjwa, bila msiba na bila msimu wa korosho. Bango linaandika "miezi 18". Miezi 18 ya mtu asiye na ajira, semeni hivyo!

Ufaulu nao umebadilika. Shahada ya kwanza C ilikuvusha. Huku juu, vyuo vingi vinahesabu B ndiyo kupita. C ni sapu, na sapu zikiongezeka unadisko, yaani unaondolewa masomoni. Hilo limeandikwa kwenye kanuni za uzamili za chuo, kijitabu ambacho hupewi mpaka umeshasajiliwa.

Kozi zikiisha inakuja tasnifu, na hapa ndipo watu wa mikoani wanapokwama wengi. Pendekezo la utafiti linarudishwa kwa sababu ileile kila mwaka: mada siyo ya idara. "Sababu za wanafunzi kufeli Kiingereza sekondari wilayani Nachingwea" ni mada ya elimu, isimu hawaitaki hata uiandike kwa wino wa dhahabu. Ibane. Matumizi ya njeo ya wakati uliopita katika insha za kidato cha 3, shule 2, insha 60, kosa la aina moja, nadharia moja ya kulichambulia. Ukiweka nadharia 2 ili uonekane msomi, watahini watakuuliza zinakutanaje, na hutakuwa na jibu.

Halafu vibali. Chuo kinakuandikia barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi anaandika kwa mkuu wa shule. Anayeandika kwenye pendekezo "mikoa ya Mtwara na Lindi" kwa kupenda ukubwa amejipa mlolongo mara mbili, makatibu tawala wawili, na halmashauri juu ya halmashauri. Chagua mkoa mmoja na halmashauri moja. Piga hesabu ya kalenda ya shule pia: Juni na Desemba shule zimefungwa, Novemba watu wako kwenye mitihani ya taifa. Barua ikitoka Oktoba, data utaipata mwakani. Na ukichelewa unalipia ada ya kuongeza muda, ambayo nayo haimo kwenye bango.

Ukishamaliza kuandika hujamaliza. Vyuo kadhaa vinadai notisi ya kusudio la kukabidhi tasnifu, mara nyingi miezi 3 kabla. Kuna kipimo cha kufanana kwa maandishi, kuna mtahini wa ndani na wa nje, kuna utetezi, kuna masahihisho na hati ya kuthibitisha kwamba umeyafanya. Uliza pia kama chuo kinataka makala iliyowasilishwa kwenye jarida kabla ya kuhitimu.

Sasa linaloniudhi kuliko yote. Walimu wengi wanaokimbilia masta wanataka kwenda kufundisha chuo kikuu. Matangazo mengi ya kazi ya mhadhiri msaidizi yanadai masta yenye GPA isiyopungua 4.0 pamoja na shahada ya kwanza isiyopungua 3.8. Mwenye 2.7, hata akipata masta ya 5.0 kamili, huo mlango haumhusu. Anayemdahili anajua. Anachukua ada miaka 2 au 3 na kunyamaza.

Mabango haya anayeandika ni nani, na kwa nini haandiki ukurasa mzima?

Binti wa Newala

Mkuu nakazia, na umesahau makaratasi. Vyuo vinataka vyeti vya kidato cha 4 na cha 6, cheti cha kuzaliwa, transkripti na barua za wadhamini wa kitaaluma. Kusini kwetu majina yanaua watu: cheti cha kuzaliwa Saidi, cha sekondari Said, cha chuo amegeuza jina la babu kuwa la baba. Ikiwa ni tofauti ya herufi, hati ya kiapo kwa wakili kwa kawaida inatosha. Ukibadilisha jina lenyewe, hapo unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na ni shughuli nyingine. Fanyeni hilo mapema, siyo wiki ya mwisho ya dirisha.

Na hela. Mwalimu wa serikali anakatwa 15% ya mshahara wa msingi kurejesha mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), na kisheria makato yote hayatakiwi kumwacha chini ya theluthi moja ya mshahara huo. Mwenye mkopo wa benki juu yake hana pa kukopea ada. Tegemeo linabaki korosho, lakini minada inaanza Oktoba na malipo yanafuata baadaye, wakati chuo kinataka awamu ya kwanza siku ya usajili. Kwa nini hakuna chuo kinachopanga awamu za ada kwa watu wa Kusini?

Njiapanda Nangurukuru

Nyie mnalia bure. Ombeni nje mkasome. Uingereza mwaka mmoja tu umemaliza.

Mwl. wa Mitengo

Ndugu yangu wa Nangurukuru, polepole. Uingereza ni krediti 180 zilezile zimesukumwa ndani ya miezi 12, na tasnifu peke yake kwa kawaida ni krediti 60, maneno kama 12,000 hadi 15,000. Siyo kwamba kazi imepungua, pumzi ndiyo imeondolewa.

Marekani wanahesabu kwa namna nyingine, kwa hiyo msilinganishe namba. Masta ya Kiingereza kule kwa kawaida ni krediti 30 hadi 36, yaani kozi 10 hadi 12 za krediti 3, kisha tasnifu au mtihani mkuu wa mwisho. Idara nyingine zinataka pia uthibitishe unasoma lugha ya pili. Hapo Mswahili ana faida, ila aulize kwanza kama Kiswahili kinakubaliwa.

Wanachowakatalia wetu siyo GPA. Ni sampuli ya maandishi: insha ya uhakiki ya kurasa 10 hadi 20, uliyoiandika peke yako, yenye hoja yako. Watu wanatuma ripoti ya BTP (mazoezi ya kufundisha) au kazi ya kikundi ya watu 12. Hiyo inatupwa. Chukua matini moja, jenga hoja moja, itetee kwa ushahidi kutoka ndani ya matini, na marejeo yafuate mtindo mmoja. Fasihi wanatumia MLA, isimu wengi wanatumia APA, na ukichanganya inaonekana ukurasa wa kwanza.

Jingine: kuna wajanja wanauza vitabu vya kujiandaa na GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili Marekani) ya somo la fasihi ya Kiingereza. Mtihani huo ulifutwa, wa mwisho ulifanyika Aprili 2021. GRE ya jumla bado ipo, lakini idara nyingi za Kiingereza zimeacha kuidai. Usinunue kitu kabla hujasoma ukurasa wa idara.

IELTS nayo, ule mtihani wa kupima Kiingereza: Tanzania haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi za wazungumzaji wa Kiingereza, kwa hiyo barua ya "nilisoma kwa Kiingereza" inakubalika kwa baadhi ya vyuo na kukataliwa kwa vingine. Masta ya Kiingereza hudai 6.5 au 7.0, na sehemu ya kuandika ndiyo inayoangusha walimu wetu. Matokeo yanadumu miaka 2 tu. Ukifanya mapema kabla hujajua unaomba wapi, yataisha muda mkononi, na kwenda kurudia Dar ni kilomita 560 kutoka Mtwara mjini. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara huko Somanga na magari yakakwama. Weka siku za ziada.

Njiapanda Nangurukuru

Sawa mwalimu, nimekusoma. Na ufadhili?

Mwl. wa Mitengo

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inachukua programu za mwaka mmoja, fasihi na isimu zimo. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 2, wanauhesabu kuwa saa 2,800, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2. Dirisha huwa Agosti hadi Oktoba, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Mwalimu wa serikali aanze mapema ruhusa ya masomo: barua kwa mkuu wa shule, Afisa Elimu Sekondari, mpaka kwa Mkurugenzi. Ukiondoka bila ruhusa hiyo ni utoro kazini, hata kama barua ya udhamini unayo mfukoni. Na kabla ya kukubali nafasi chuo chochote cha nje, wasiliana na TCU ujue kama cheti chake kitatambuliwa hapa.

Msangamkuu

Mwalimu ubarikiwe, umeandika ambacho bango halitaandika milele.

Binti, kuhusu awamu za ada: omba ratiba ya malipo kwa maandishi kutoka kwa mhasibu wa chuo kabla ya usajili, na uiweke. Vyuo vingine vinakubali awamu 3 au 4 kwa anayeomba, hawatangazi tu. Wanaoishi Mtwara na Lindi waulizie pia vituo vya mkoa vya Chuo Kikuu Huria, angalau upate mtu wa kumuuliza ana kwa ana bila kupanda basi.

Na mwenye bango lolote la mwaka huu aliweke hapa tulipitie mstari kwa mstari: kozi za msingi zinazotakiwa, alama ya kupita, ada ya kuongeza muda, gharama ya watahini. Lisilo na hivyo 4, tunaandikia idara husika barua moja kwa majina yetu wote.

Binti wa Newala

Ninalo moja limeletwa jana kwenye grupu la wilaya. Hata jina la idara halina, lina namba ya simu ya dalali tu. Nalipandisha sasa hivi.