Makala yangu inatoka kwenye jarida la Finland. Naruhusiwa kuwagawia watu wa Kojani?

MtuWaWete:
Assalaam aleikum. Nimeandika makala juu ya maneno ya wavuvi wa kisiwa cha Kojani, Pemba, wanapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani: majina ya samaki, nyavu, upepo na miamba. Jarida la Finland limeikubali. Wazee walionipa maneno wanataka kuiona, na skuli ya pale inataka nakala. Nataka pia iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Mkataba sijausaini. Nikisaini, nitaweza? Sina pesa za kulipia isomwe bure.

MaalimTunguu:
Waaleikum salaam, Maalim. Hongera sana. Majarida mengi ya Finland hutolewa na vyama vya wanataaluma wenyewe, na mengi yamo Journal.fi, jukwaa la shirikisho la vyama hivyo lililoanza 2017. Tazama leseni kwanza. Ikiwa CC BY, yaani leseni huria inayoruhusu kila mtu kuitumia kazi, chapa, gawa, hata tafsiri, mradi utaje jina lako na jarida.

BintiChake:
Na kama si huria, bado usikate tamaa. Kuna rasimu uliyopeleka, kuna nakala uliyorekebisha baada ya wapitiaji, na kuna ile iliyopangwa kurasa na jarida. Majarida mengi huruhusu hiyo ya pili iwekwe kwenye hifadhi ya chuo, pengine baada ya miezi kadhaa. Angalia Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo), tovuti inayoonyesha kila jarida linaruhusu nini. Jarida lisipokuwemo, mwandikie mhariri kabla hujasaini, na jibu lake ulitunze. Chuo Kikuu cha Helsinki kimewataka watafiti wake waweke nakala hizo tangu 2010, kwa hiyo swali lako si geni huko Finland. Faili la nakala ya pili lihifadhi leo hii, tafadhali. Wengi hubaki na PDF ya jarida tu.

MtuWaWete:
Ahsanteni. Nimeona: ni CC BY na hawatozi kitu. Nimefurahi mno, wale wazee wamesubiri sana.

MwanaWaDago:
Maalim, mimi nimezaliwa Kojani. Ikishakuwa huria, itasomwa na kila mtu, na wenye boti kubwa wamo. Umetaja miamba. Hiyo ndiyo riziki ya watu. Wazee waliridhia majina ya miamba yatoke, au waliridhia mazungumzo tu?

MtuWaWete:
Waliridhia mazungumzo. Majina ya miamba yamo, na ramani imo pia. Prufu, nakala ya kusahihisha kabla haijachapishwa, bado haijaja. Namwandikia mhariri usiku huu ramani itoke, na Ijumaa navuka kwenda kuwauliza kuhusu majina, moja moja.

MwanaWaDago:
Allah akulipe. Nenda baada ya Alasiri, ndipo wanapokuwa pwani.