Menyu yangu ya uhalisia pepe inawatia watu kichefuchefu, nianzie wapi?

mchora_skrini:
Wakuu, habari zenu. Kwa miaka sita nimebuni programu za simu, na huu ni mradi wangu wa kwanza wa uhalisia pepe (VR, dunia ya kompyuta unayoingia kwa kuvaa miwani): mafunzo ya kutumia kizima moto. Nilichora kila kitu kwenye skrini ya kompyuta, nikaridhika, nikawavisha watu saba miwani. Watatu waliivua kabla ya dakika tano. Mmoja alikaa chini muda mrefu akiwa ameshika kichwa, na hilo limeninyima usingizi, maana ni mimi niliyemhakikishia kwamba hatasikia chochote.

Menyu inafuata kichwa popote kinapogeuka, kama nusu mita kutoka machoni. Kutembea ni kwa kijiti cha rimoti. Nipunguze kasi tu, au nibuni upya?

zuhura_3d:
Pole sana, mkuu. Anza na mwendo. Macho yanaona mwili unatembea, sikio la ndani linasema umesimama. Hapo ndipo kichefuchefu kinapozaliwa. Kasi ndogo haitatosha. Mwache mtu aelekeze mwale wa rimoti sakafuni, aachie kitufe, ajikute pale. Kugeuka nako kuwe kwa hatua za nyuzi 30 au 45.

Menyu ibandue kichwani leo hii. Kwa kitu kilicho karibu hivyo, macho yanapinda kuelekea puani, ilhali lenzi za miwani zinayalazimisha kulenga mbali zaidi. Isimamishe mahali pamoja chumbani, mita moja na nusu hadi mbili, chini kidogo ya usawa wa macho.

mchora_skrini:
Asante, dada. Shida ni kwamba kila badiliko linanila wiki nzima ya kuandika msimbo.

fundi_karatasi:
Basi usiandike kwanza. Kata vitufe vya boksi, mwambie mwenzako asimame, wewe uwe kompyuta: akinyoosha kidole, unabadilisha karatasi. Nilifanya hivyo kwa programu ya ukaguzi wa mabomba, ya uhalisia ulioongezwa (AR, picha za kompyuta zinazowekwa juu ya mazingira halisi). Kufikia dakika ya tatu mkono wa mjaribu ulikuwa unashuka wenyewe, kwa sababu vitufe nilivipanga usawa wa bega. Tukavishusha hadi usawa wa kiwiko. Kazi ya alasiri moja. Kumbuka tu umbali: kitufe cha sentimita 10 kilicho mita mbili mbele kinaonekana sawa na cha sentimita 5 kwenye mita moja.

Ukiridhika, ndipo ujenge maboksi ya kijivu kwa A-Frame, zana ya kutengeneza uhalisia pepe wa kwenye wavuti. Yanafunguka kwenye kivinjari cha miwani yenyewe. Rangi zisubiri.

Ila swali langu kubwa ni hili: menyu ya nini? Kizima moto kina pini, mpira na kishikio. Kung'oa pini kuwe ndiyo kuanza zoezi.

mchora_skrini:
Nimerudi. Nimejaribu na mtungi mtupu na watu wawili, bila miwani. Wote waling'oa pini bila kuelekezwa, kisha mkono wa pili ukaenda moja kwa moja kushika mpira na kuulenga chini, kwenye shina la moto. Kwenye mchoro wangu mkono huo haukuwa na kazi yoyote! Menyu nimeifuta. Sasa zuhura, rimoti mbili haziungani kama mpira na mtungi: mikono ikiachana kupita urefu wa mpira, nionyeshe nini?

zuhura_3d:
Mpira ubaki na urefu wake, uchomoke kwenye kiganja, urudi kuning'inia mtungini. Rimoti itetemeke kidogo unapochomoka.