Klempu ya kubandikia daraja la gita: ya G, ya F au ya mbao?

Mwanzisha mada: Ndugu mafundi, habari za kazi. Mimi hutengeneza makabati na viti, na nina klempu (vibanio) nne za G, yaani zenye umbo la herufi hiyo, pamoja na mbili ndefu za bomba. Nimeletewa gita la nyuzi za chuma ambalo daraja lake, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni, limebanduka. Je, za G zitafaa, au ninunue za F, au zile nyepesi za mbao zenye mkono wa kubana, ambazo bei yake si ndogo?

Seremala wa samani: Kwa nguvu, ya G haina mpinzani, wala haitelezi kama zile za F zilizochakaa. Kaza tu, ndugu yangu.

Fundi magita: Naomba nitofautiane na mwenzangu. Nguvu siyo inayotafutwa hapa, kwa sababu uso wa gita una unene wa milimita 3 hivi, na ukikaza kama unavyokaza mguu wa meza, utaibonyeza mbao na kuikamua gundi yote itoke kwenye kiungo. Kinachotakiwa ni kina cha mdomo: klempu hupitishwa kwenye tundu la sauti na lazima ifike chini ya daraja, hivyo tafuta yenye kina cha sentimita 20 hivi. Ya G ya kawaida haifiki hata nusu yake. Ya F yenye mikono mirefu hufika, ila ni nzito na huning'inia vibaya. Ya mbao, iliyobandikwa koki (gome laini kama la vizibo vya chupa) mdomoni, hukaza polepole na haikwaruzi rangi. Mimi hutumia tatu, moja katikati na mbili pembeni. Kwa makabati, hata hivyo, usiinunue, maana haina nguvu ya kuvuta ubao uliopinda.

Fundi mwingine: Naongezea kuhusu upande wa ndani. Chonga kipande cha ubao chenye mifereji inayopisha mataruma (vijiti vya kuimarisha) yaliyo chini ya uso, la sivyo klempu itayakandamiza hayo badala ya daraja. Kifunike kwa nailoni kisigande. (Hilo la nailoni nililijua baada ya kutumia asubuhi nzima nikibandua ubao ndani ya gita la mteja.)

Mwanzisha mada: Nashukuru. Gundi nyeupe ya mbao inatosha? Nifungue klempu lini?

Fundi magita: Inatosha, mradi ukwangue gundi ya zamani na rangi yote, mbao igusane na mbao. Bana kwanza bila gundi ili ujaribu mpangilio, kwani gundi ikishapakwa huna muda wa kutafuta vibao. Klempu zikae usiku kucha, na nyuzi usizifunge kabla ya saa 24, kwa kuwa zote sita zikikazwa huvuta daraja kwa nguvu ya kilo 70 hivi.