Droni, ndege nyuki au ndege isiyo na rubani: tushike lipi?

Mwanamrima: Wakuu, jana taarifa ya habari moja nimesikia majina matatu ya kitu kilekile: droni, ndege nyuki, ndege isiyo na rubani. Mimi nasema tushike droni, tumalize. Hilo "drone" la Kiingereza ni nyuki dume, yule wa kula na kulala, kama wanaume wengi wa siku hizi. Sasa sisi kuita ndege nyuki inatusaidia nini?

Jicho la Juu: Umeleta mjadala wa neno au umekuja kututukana? Droni ndiyo inanilipia kodi ya nyumba. Jumamosi nimeirusha harusini tangu bibi arusi yuko saluni. Kula na kulala ndiko huko?

Fundi Mizinga: Nafuga nyuki Sikonge. Dume hachumi, kweli, lakini bila yeye malkia hazai nyuki vibarua, wale wa kuchuma. Na akishampanda anakufa hapohapo. Halafu dume hana mwiba! Sasa ile ya kubeba mabomu Ukraine unaiitaje dume?

Mzee wa Propela: Mnahangaika bure. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege ya kuongozwa kwa redio, wapiga mizinga wanaifanyia shabaha. Jina lake Queen Bee, malkia wa nyuki. Ukoo wake ni Tiger Moth, ile ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Wakubwa wa jeshi la maji la Marekani wakaonyeshwa, wakarudi kwao kuunda zao, wakaziita drone. Utani tu wa malkia na madume yake.

Jicho la Juu: Mizinga ipi tena, ya nyuki au ya vita?

Mzee wa Propela: Ya vita, kijana. Soma taratibu.

Jakisumu: Huku Kenya tunasema droni na maisha yanaendelea. Nyinyi Watanzania lazima mtafsiri kila kitu.

Mwanamrima: Wewe wa "tarakilishi" ndiye unatuambia hivyo?

Jakisumu: Hiyo ni ya vitabuni. Nyumbani ni kompyuta, kama kwenu.

Bi Rehema: Hakuna aliyegusa "isiyo na rubani", na hilo ndilo lililopinda kuliko yote. Rubani yupo, amekaa chini ameshika rimoti. ICAO wenyewe, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wana jina la ndege zinazoongozwa kwa mbali. Tena rubani hakuanzia angani. Kwetu pwani ni mtu wa kuelekeza chombo kisipande mwamba.

Jakisumu: Na zile za Rwanda, zinazodondosha damu kwa parachuti tangu 2016? Zinafuata njia zenyewe. Huyo rubani wa rimoti yuko wapi?

Bi Rehema: Kuna mtu anaziangalia, mwanangu. Haziendi tu kama kishada kilichokatika uzi.

Jicho la Juu: Mimi bado nasubiri Mwanamrima aombe radhi.

Mwanamrima: Nimesema wengi, sikusema wote. Aliyejihisi ndiye mwenyewe.

Fundi Mizinga: Dada, ngoja nikupe raha. Chakula kikipungua, vibarua huwaburuta madume kwa bawa hadi mlangoni mwa mzinga na kuwasukuma nje. Asubuhi nawakuta chini wanatambaa, hawana nguvu hata ya kuruka. Na vibarua wote ni majike.

Mwanamrima: Basi nimebadili msimamo. Ndege nyuki, lakini jike.

Mzee wa Propela: Hapo umerudi kwa Queen Bee bila kujua.

Jicho la Juu: Mjadala umenishinda. Fundi, asali ipo?

Fundi Mizinga: Ipo. Ya nyuki wakubwa au wale wadogo wasiouma?

Jicho la Juu: Wadogo. Huku tumeshaumwa vya kutosha.